Mbona maji hayafiki nyuzijoto 100 Meru na Embu? Mlinganyo wa mstari mnyofu una jibu

NI taswira ya kawaida katika maabara za shule za upili za Meru na Embu. Bika la maji limewekwa juu ya moto, kipimajoto kimetumbukizwa ndani, na wanafunzi wameinama kusoma vipimo. Maji yanaanza kutokota na mvuke unafuka, lakini kiowevu kilicho ndani ya kipimajoto kinakwama karibu na nyuzijoto 95 za Selisiasi. Moto unaongezwa, kipimo hakisongi. Mwanafunzi anafungua kitabu chake na kukuta kimeandikwa kuwa maji huchemka kwa nyuzijoto 100.

Hapo ndipo anapojipata kwenye njia panda. Je, aandike alichokiona au alichokisoma? Wapo wanaoandika 100 kwa kuhofia kupoteza alama, na wapo wanaokilaumu kipimajoto kuwa ni kibovu. Ukweli ni kwamba kipimajoto hakikudanganya, na kitabu nacho hakikukosea. Kilichosahauliwa ni neno moja tu: mahali. Nyuzijoto 100 ni kipimo cha maji safi yanayochemka kwenye usawa wa bahari, kama vile Mombasa au Lamu. Meru na Embu ziko mlimani.

Makala haya yanaeleza jinsi mlinganyo wa mstari mnyofu, ambao mwanafunzi hufundishwa katika shule ya upili kwa sura ya y = mx + c, unavyoweza kutuambia maji yatachemka kwa nyuzijoto ngapi mahali popote kuanzia kingo za Mto Tana hadi kilele cha Mlima Kenya. Aidha, tutaona kwa nini hesabu hiyo ina maana kwa mpishi wa githeri, kwa mzazi anayechemsha maji ya kunywa na kwa muuguzi katika zahanati.

Maana ya mchemko

Hewa iliyotuzunguka ina uzito, na uzito huo hukandamiza kila kitu kilicho chini yake. Kani hiyo ya hewa juu ya eneo fulani ndiyo wataalamu wanaoiita kanieneo ya hewa. Kwenye usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni takriban kilopaskali 101. Mtu anapopanda mlima, hewa iliyobaki juu yake hupungua, na kanieneo hupungua vilevile. Kwenye mwinuko wa mita 1,500, kanieneo ni takriban kilopaskali 85.

Maji yanapopashwa moto, mvuke hujaribu kutengeneza mapovu ndani yake. Maadamu hewa ya nje inakandamiza kwa nguvu kuliko msukumo wa mvuke huo, mapovu hayawezi kukua. Joto linapozidi, msukumo wa mvuke huongezeka, hadi ufike mahali unapolingana na kanieneo ya hewa. Hapo mapovu hukua, hupanda juu na kupasuka, nasi husema kwamba maji yamechemka.

Kutokana na maelezo hayo, ni dhahiri kwamba palipo na hewa nzito, maji huhitaji joto jingi zaidi ili yachemke, na palipo na hewa hafifu, joto kidogo hutosha. Jambo hili si geni kwa wanasayansi. Anders Celsius, mtaalamu wa Uswidi aliyependekeza kipimo chake cha joto mwaka 1742, alijua kwamba kiwango cha mchemko hutegemea kanieneo ya hewa. Ndiposa nambari 100 haina maana kamili bila kutaja kanieneo inayoandamana nayo.

Kuunda mlinganyo

Tuchukue herufi x iwakilishe mwinuko wa mahali kwa mita kutoka usawa wa bahari, na herufi y iwakilishe joto ambalo maji huchemka kwa nyuzijoto za Selisiasi. Ili kupata mlinganyo wa mstari mnyofu, tunahitaji nukta mbili tu.

Nukta ya kwanza ni ya pwani. Mwinuko ni sufuri na maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Kwa hivyo nukta yetu ni (0, 100).

Nukta ya pili tuichukue mlimani, kwenye mwinuko wa mita 3,000. Hapo kanieneo ya hewa ya wastani ni takriban kilopaskali 70, na maji huchemka kwa nyuzijoto 90. Nukta yetu ya pili ni (3,000, 90).

Mteremko wa mstari, ambao huwakilishwa na herufi m, hupatikana kwa kugawanya badiliko la y kwa badiliko la x:

m = (90 − 100) ÷ (3,000 − 0) = −10 ÷ 3,000 = −1/300

Alama ya kutoa inatuambia kwamba mstari unashuka: mwinuko ukiongezeka, joto la mchemko hupungua. Sehemu ya 1/300 inatuambia kasi ya kushuka huko, yaani nyuzijoto moja kwa kila mita 300 za kupanda. Herufi c ni mahali ambapo mstari hukata mhimili wa y, na kwetu ni 100. Mlinganyo wetu basi ni huu:

y = 100 − x/300

Mwanafunzi asiukubali mlinganyo kabla ya kuujaribu kwa nukta ambayo haikutumika kuuunda. Tuchukue mwinuko wa mita 1,500. Mlinganyo unasema y = 100 − 5, yaani nyuzijoto 95. Majedwali ya mvuke wa maji pia yanaonyesha kuwa katika kanieneo ya mwinuko huo maji huchemka kwa nyuzijoto 95. Hesabu na ushahidi vimeafikiana.

Kutoka Mto Tana hadi Batian

Ni maeneo machache nchini yanayofaa kwa somo hili kama Meru na Embu. Kutoka mabwawa ya Mto Tana katika nyanda kavu za Mbeere hadi theluji ya Mlima Kenya, ardhi hupanda kwa zaidi ya mita 4,000 katika umbali ambao ndege angeuruka kwa muda mfupi. Hebu tuutumie mlinganyo wetu katika sehemu mbalimbali:

Bwawa la Kiambere, mita 700: nyuzijoto 97.7

Bwawa la Masinga likiwa limejaa, mita 1,056.5: nyuzijoto 96.5

Mji wa Embu, takriban mita 1,350: nyuzijoto 95.5

Mji wa Meru, takriban mita 1,550: nyuzijoto 94.8

Timau, takriban mita 2,300: nyuzijoto 92.3

Lango la Chogoria la kuingia mbuga ya Mlima Kenya, mita 2,950: nyuzijoto 90.2

Kilele cha Lenana, mita 4,985: nyuzijoto 83.4

Kilele cha Batian, mita 5,199: nyuzijoto 82.7

Msomaji atakumbuka kwamba kina cha bwawa la Masinga hutangazwa katika vyombo vya habari kwa mita kutoka usawa wa bahari, hasa misimu ya mafuriko na ya ukame. Nambari hiyo ambayo wengi huisikia na kuipuuza inatosha kumwambia mvuvi aliye kando ya bwawa maji ya chai yake yatachemka kwa nyuzijoto ngapi.

Tukitoa kipimo cha Batian kutoka kwa kile cha Kiambere, tunapata tofauti ya nyuzijoto 15. Mkazi wa Kiambere na mkwea milima aliye kileleni wote wawili watasema kwamba maji yao yamechemka, na wote watakuwa wamesema kweli. Hata hivyo, ni mmoja tu kati yao atakayeweza kupika maharagwe yakaiva.

Kuugeuza mlinganyo

Mlinganyo mzuri husomeka kutoka pande zote mbili. Ikiwa mwinuko hutuambia joto la mchemko, basi joto la mchemko nalo laweza kutuambia mwinuko. Tukiufanya x kuwa mada ya mlinganyo, tunapata:

x = 300 × (100 − y)

Mwanafunzi aliyesoma nyuzijoto 95 katika maabara yake atapata x = 300 × 5, yaani mita 1,500. Bila ramani wala setilaiti, amepima kimo cha shule yake kwa sufuria na kipimajoto.

Njia hiyo ndiyo waliyoitumia wasafiri wengi wa Ulaya waliofika Afrika Mashariki katika karne ya 19. Mwaka 1858, Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ziwa Tanganyika. Kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, walikadiria kwamba ziwa hilo lilikuwa kwenye mwinuko wa zaidi kidogo ya futi 1,800, yaani karibu mita 560. Leo tunajua kwamba Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 kutoka usawa wa bahari. Walikosea kwa takriban mita 200.

Je, kosa hilo lilitokana na hitilafu ya kiasi gani katika kipimajoto? Mlinganyo wetu unajibu: 200 ÷ 300 ni takriban 0.7. Hitilafu isiyofika hata nyuzijoto moja ilitosha kuliteremsha ziwa zima kwa mita 200 kwenye ramani. Baadaye mwaka huohuo, Speke alifika kusini mwa Ziwa Victoria na kupima kwa njia iyo hiyo, na safari hii makadirio yake yakakaribia sana kimo kinachojulikana leo cha takriban mita 1,134. Vipimo hivyo havikuwa mchezo, kwa sababu mwinuko wa maziwa hayo ulikuwa sehemu ya ubishi mkali kati ya wasafiri hao wawili kuhusu chanzo cha Mto Nile.

Kuna funzo hapa kwa mwanafunzi. Kipimajoto cha kawaida cha shule huwa na alama za nyuzijoto moja moja, na jicho laweza kukosea kwa nusu ya nyuzijoto juu au chini. Ukizidisha nusu kwa 300, unapata mita 150. Kwa hivyo anayesoma nyuzijoto 95 asidai kwamba shule yake iko mita 1,500 barabara. Aseme iko kati ya mita 1,350 na mita 1,650. Kipimajoto kama hicho hakiwezi kutofautisha kwa uhakika mji wa Embu na mji wa Meru, ambayo inatofautiana kwa takriban thuluthi mbili za nyuzijoto moja. Kutaja ukomo wa kipimo chako si udhaifu bali ni sehemu ya jibu.

Je, ni mstari mnyofu kweli?

Msomaji makini atauliza: je, maumbile hufuata mstari mnyofu? Jibu ni kwamba kanieneo ya hewa haishuki kwa mstari mnyofu. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 11 ya kile kilichokuwapo, si ya kile cha pwani. Kwa hivyo upungufu wa kilopaskali huwa mkubwa chini na mdogo juu. Ukichora grafu ya kanieneo na mwinuko, utapata mkunjo.

Uhusiano wa kanieneo na kiwango cha mchemko nao ni mkunjo. Kanieneo inapopungua kwa asilimia ileile, joto la mchemko hupungua kwa kiasi kinachokaribia kuwa kilekile. Upungufu wa asilimia 11 hivi hushusha mchemko kwa takriban nyuzijoto 3.3. Mikunjo hii miwili inapowekwa pamoja, mmoja huunyoosha mwingine. Kila mita 1,000 huondoa asilimia inayokaribiana ya hewa, na kila asilimia hiyo huondoa nyuzijoto zinazokaribiana. Ndiyo maana mstari wetu unafuata ukweli kwa ukaribu mno kutoka pwani hadi vilele vya Mlima Kenya.

Pamoja na hayo, mlinganyo una mipaka yake. Kwanza, umejengwa juu ya kanieneo ya wastani ya dunia. Katika nchi za ikweta hewa huwa na joto zaidi, na kanieneo ya mlimani huwa juu kidogo kuliko wastani huo, hivi kwamba maji ya Meru yanaweza kuchemka sehemu ndogo ya nyuzijoto juu ya tulivyokokotoa. Pili, kanieneo hubadilika kidogo kutwa nzima na kwa kutegemea hali ya anga. Tatu, mlinganyo wahusu maji safi. Chumvi hupandisha kiwango cha mchemko, lakini kwa kiasi kidogo sana: gramu 58 hivi za chumvi katika lita moja ya maji, kiasi ambacho hakuna mtu angekubali kukionja, hupandisha mchemko kwa takriban nyuzijoto moja tu. Kijiko cha chumvi katika sufuria ya githeri hakiivishi mahindi upesi.

Jikoni: moto mwingi si joto jingi

Kuna mkanganyiko unaowapata wengi kuhusu mapishi ya mlimani. Maji ya Timau huhitaji kufika nyuzijoto 92 tu ili yachemke, kwa hivyo huanza kutokota mapema kuliko maji ya kiasi hichohicho yaliyowekwa kwenye moto sawa pwani. Lakini chakula huiva kwa joto, si kwa mapovu. Maharagwe yaliyo katika maji ya nyuzijoto 92 huiva polepole kuliko yaliyo katika maji ya nyuzijoto 100. Mwanasayansi Charles Darwin alilishuhudia jambo hili mwaka 1835 alipokuwa akivuka milima ya Andes huko Amerika Kusini, ambapo viazi vilikaa motoni usiku kucha bila kulainika.

Mpishi anapoona maharagwe yamekataa kuiva, hatua yake ya kwanza huwa ni kuchochea moto. Hapa ndipo mlinganyo wetu unapookoa kuni. Maji yakishachemka katika sufuria isiyobanwa, joto lake haliongezeki hata moto uwe mkali kiasi gani. Nguvu yote ya ziada hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Na kazi hiyo ni ghali. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 95 huhitaji takriban kilojuli 315 za nishati. Kuigeuza lita hiyohiyo kuwa mvuke huhitaji karibu kilojuli 2,270, yaani zaidi ya mara saba. Mpishi anayeacha sufuria itokote kwa fujo anachoma kuni ili kulipasha moto paa la jikoni.

Ushauri unaotokana na hesabu hiyo ni mwepesi. Maji yakishachemka, punguza moto hadi uwe wa kutosha tu kuendeleza mchemko mdogo. Funika sufuria. Loweka maharagwe, mahindi makavu au mbaazi usiku kucha kabla ya kupika ili maji yaingie mapema. Na mwenye uwezo wa kununua sufuria ya presha atafaidika zaidi mlimani kuliko pwani.

Sufuria ya presha hufanya kazi kwa kuurudisha mlinganyo nyuma. Huufungia mvuke ndani ili kanieneo iongezeke, na kiwango cha mchemko hupanda pamoja nayo. Ile yenye uwezo wa kuongeza takriban kilopaskali 103 juu ya kanieneo ya nje hufikisha maji nyuzijoto 121 hivi katika usawa wa bahari. Katika mji wa Meru, ambako kanieneo ya nje ni ndogo, sufuria iyo hiyo hufika takriban nyuzijoto 118. Bado ni zaidi ya nyuzijoto 20 juu ya sufuria ya kawaida.

Maji ya kunywa na vifaa vya hospitali

Swali zito kuliko yote ni la afya. Ikiwa maji ya mlimani huchemka kabla ya kufika nyuzijoto 100, je, viini vya magonjwa hufa? Mzazi anayechemsha maji kwa hofu ya kipindupindu au homa ya matumbo ana haki ya kujua.

Jibu ni la kutia moyo. Viini vinavyosababisha magonjwa ya kuhara huanza kufa kwa haraka maji yanapopita nyuzijoto 70. Mlinganyo wetu unaonyesha kwamba hata kwenye kilele cha Batian maji huchemka kwa nyuzijoto 82.7, yaani juu ya kiwango hicho. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba maji yafikishwe kwenye mchemko kamili, wenye mapovu makubwa yanayopanda bila kukoma, kisha yaachwe yapoe yenyewe huku yakikingwa yasichafuliwe tena.

Taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, CDC, imeweka tahadhari zaidi kwa wanaoishi milimani. Inashauri maji yachemke kwa dakika moja, na kwa dakika tatu katika maeneo yaliyo juu ya futi 6,500, sawa na takriban mita 1,980. Tukiingiza nambari hiyo katika mlinganyo, tunapata y = 100 − 6.6, yaani nyuzijoto 93.4. Kwa ushauri huo, dakika moja yatosha katika miji ya Embu na Meru, ilhali mkazi wa Timau ahesabu dakika tatu. Si lazima maji yatokote nusu saa nzima kama wengine wanavyodhani. Dakika hizo za ziada hazimwongezei mtu usalama, bali humwongezea gharama ya makaa.

Hali ni tofauti kwa vifaa vya upasuaji na vya kuzalishia. Baadhi ya bakteria hujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazostahimili maji yanayochemka, hata ya pwani. Kuziua huhitaji mtambo wa mvuke uliobanwa, ambao aghalabu hufikishwa nyuzijoto 121. Tatizo ni kwamba mishale ya mitambo mingi huonyesha kanieneo iliyozidi ile ya nje, si kanieneo yote iliyo ndani. Kama tulivyoona kwa sufuria ya presha, mshale uleule unaomaanisha nyuzijoto 121 mjini Mombasa wamaanisha 118 mjini Meru. Muuguzi anayefuata kanieneo iliyoandikwa katika kijitabu cha mtambo bila kuzingatia mwinuko aweza kuamini kwamba vifaa vimetakasika ilhali havijafika joto linalohitajika. Kinga yake ni kutazama kipimajoto cha mtambo, si mshale wa kanieneo pekee, na kuongeza kanieneo kulingana na mwinuko wa mahali.

Jaribio la kufanya shuleni

Walimu wa hisabati na wa fizikia wanaweza kulifanya somo hili pamoja. Wanafunzi wachemshe maji safi katika bika na kusoma kipimajoto baada ya mchemko kutulia, ncha yake ikiwa ndani ya maji bila kugusa sakafu ya chombo, kwa kuwa sakafu huwa na joto zaidi ya maji. Wasome mara tano na kutafuta wastani. Jicho liwe sambamba na alama, na uso uwe mbali na mvuke, kwani mvuke huunguza vibaya kuliko maji.

Shule iliyo Mbeere inaweza kushirikiana na shule iliyo Timau na nyingine iliyo Nkubu au Chuka. Kila moja itume kipimo chake pamoja na mwinuko wa shule kutoka kwa ramani au simu ya mkononi. Nukta hizo zichorwe kwenye karatasi ya grafu, mwinuko ukiwa kwenye mhimili wa x na joto kwenye mhimili wa y. Kisha mstari unaozikaribia nukta zote uchorwe kwa rula. Wanafunzi wakokotoe mteremko wake na kuulinganisha na −1/300.

Nukta hazitakaa zote juu ya mstari. Nyingine zitakuwa juu, nyingine chini, kwa sababu ya vipimajoto, macho na hali ya anga. Mwalimu asiwaruhusu wanafunzi kuzisogeza ili zipendeze, kwani hapo ndipo penye somo lenyewe.

Kwa mwanafunzi tuliyemwacha kwenye njia panda, njia sasa ni nyoofu. Aandike 95. Kisha chini yake aongeze sentensi moja: kipimo hiki kilichukuliwa katika mwinuko wa takriban mita 1,500, na mlinganyo y = 100 − x/300 unatarajia nyuzijoto 95. Mtahini atakayesoma maelezo hayo ataona kwamba mwanafunzi huyo hakukariri nambari, bali ameelewa inakotoka. Nambari 100 ni nukta moja tu kwenye mstari mrefu unaoanzia baharini, na kila shule ya Meru na Embu ina nukta yake kwenye mstari huo.